Joistiki ya Shemeji

Kinyozi huyu watu walimwita Tuli, na jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na wateja, kwa sababu ya mkono wake wa kulia. Alikuwa mmoja wa vinyozi wachache waliobaki kunyoa ndevu kwa wembe wa mpini, ule unaokunjuka kama kisu cha mfukoni, na alipoutelezesha chini ya kidevu cha mtu, mtu huyo alisinzia. Kusinzia huku umewekewa chuma kooni ni heshima kubwa kuliko cheti chochote cha kutundika ukutani. Tuli aliijua heshima hiyo vizuri sana, ingawa usoni alijifanya hana hili wala lile.

Sasa, mtu anayeshinda kutwa akitazama visogo vya wenzake ana haki ya kutazama mbali jioni. Ndivyo alivyojitetea kwa mkewe alipoanza kurusha ndege. Ndege zenyewe zilikuwa ndani ya kompyuta aliyoiacha binti yao alipokwenda chuo, juu ya meza ndogo ya sebuleni, kati ya kabati la vyombo na dirisha. Tuli hakuwahi kupanda ndege ya kweli maishani mwake. Lakini kila jioni, baada ya kufunga duka na kabla chakula hakijaiva, aliinuka angani na abiria wake, akavuka milima, akawashusha salama, kisha akaitwa jikoni kubadilisha mtungi wa gesi.

Mwanzoni alirusha kwa vitufe vya kompyuta, jambo ambalo mwenyewe alilifananisha na kunyoa kwa shoka. Baadaye akapata pedi ya michezo, ile ya kushika kwa mikono miwili na kuchezesha kwa vidole gumba. Halafu kaka wa mkewe akahama nyumba, na katika kupunguza mizigo akamletea joistiki: mpini uliosimama wima juu ya kitako kipana, wa kukamatwa kwa ngumi nzima, na vitufe kila mahali kidole kinapofika. "Chukua, shemeji, mimi sina tena muda nayo," alisema. Maneno hayo yalipaswa kumshtua mtu mwenye akili zake, maana shemeji huyo hajawahi kumpa mtu kitu kizima tangu azaliwe. Tuli alipokea kwa mikono miwili na kushukuru.

Kwa muda alistarehe. Ndege ilimsikia. Aliinamisha mpini kidogo upande, bawa likainama. Aliuvuta kwake, pua ikapanda. Mkewe, ambaye alipiga pasi kutwa katika duka la dobi na jioni hakutaka ila kukaa chini, alizoea kumtazama kutoka kwenye kochi na kumuuliza kama leo abiria wamepewa soda.

Kisha ndege ikaanza kutetemeka. Ilianza na ncha ya bawa la kushoto: juu, chini, juu, chini, kidogo tu, kiasi cha mtu kudhani macho yake yamechoka. Baada ya wiki kadhaa pua nayo ikaingia kwenye ngoma hiyo hiyo. Tuli akalegeza vidole, ikatetemeka. Akavibana, ikatetemeka. Basi akafanya jaribio. Ndege hizo, hata za kwenye kompyuta, zina kifaa cha kujirusha zenyewe ili rubani anywe maji yake kwa raha. Tuli akakiwasha, akaondoa mkono, na ndege ikatulia kama maji mtungini. Akakizima na kushika mpini tena, tetemeko likarudi. Alirudia hivyo mara nyingi, na kila mara jibu lilikuwa moja. Mkono wake ukiwapo, ndege inatetemeka. Mkono wake usipokuwapo, imetulia. Mtu angetaka ushahidi gani zaidi?

Mwingine angekilaumu chombo. Tuli hakuweza, na sababu ilikuwa baba yake. Mzee yule alikuwa fundi cherehani, na maradhi yake yalianza kwa uzi kukataa kuingia kwenye tundu la sindano. Alicheka nao, akalaumu taa, akalaumu uzi wenyewe. Baadaye mkono ukawa unatetemeka hata ukiwa umelala pajani, na mwisho wake alihamia nyumbani kwa mwanawe, akaishi chumba cha nyuma, akavalishwa shati na mkaza mwana kwa sababu vifungo vilimshinda. Alikufa akiwa bado na akili timamu, jambo ambalo watu walilisema msibani kama faraja. Kwa Tuli halikuwa faraja hata kidogo. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, naye aliona unyasi ukitikisika kila jioni kwenye skrini, saa ile ile, mbele ya mkewe.

Basi akaanza kuuficha mkono. Kazini aliufungia wembe ndani ya droo na kunyoa kila mtu kwa mashine. Vijana hawakujali. Aliyejali ni mwalimu mmoja mstaafu, mteja wa kila Jumamosi, aliyekuwa akiingia, kukaa, kuinua kidevu na kufumba macho bila kuulizwa unanyoa nini.

"Leo tutumie mashine, mwalimu," Tuli alimwambia.

Mwalimu akafumbua jicho moja. "Kwa nini?"

"Wembe unachosha ngozi. Siku hizi wataalamu wanashauri mashine."

"Wataalamu gani? Ngozi hii umeinyoa miaka yote haijachoka, imechoka leo?"

"Mambo yanabadilika, mwalimu."

Mwalimu hakubishana. Alinyolewa kwa mashine, akajipapasa mashavu mbele ya kioo kwa muda mrefu, akasema ahsante kwa sauti ya mtu aliyerudishiwa mtihani wa mwanafunzi wake bora ukiwa mtupu. Jumamosi iliyofuata hakuja. Tuli alikitazama kile kiti chake kitupu kwa uchungu, kwa sababu ukimwondolea Tuli wembe, anabaki mtu mwenye mashine ya umeme, na watu hao wako kila pembe ya barabara.

Kulikuwa na njia ya kujipima. Vinyozi hujifunzia wembe kwenye puto: unalipuliza, unalipaka povu, unalinyoa. Mkono ukiwa sawa, puto linabaki. Ukiyumba, linakupasukia usoni. Jumatatu moja, siku yake ya mapumziko, mkewe akiwa bafuni, Tuli alilipaka puto povu jikoni, akakunjua wembe, akapiga moyo konde. Alikuwa amebana meno, amebana mabega, amebana kila kitu kinachobanika mwilini. Puto likapasuka kabla hata wembe haujatembea.

"Nini hicho kimepasuka?" mkewe aliuliza toka bafuni.

"Puto."

"Puto la nani?"

Watoto wote walikuwa chuoni na bwenini, na swali hilo halikuwa na jibu la maana. Tuli alifuta povu ukutani na kusema alilikuta tu. Mkewe alitoka na taulo kichwani, akatazama ukuta, akatazama mkono wa mumewe uliokuwa tayari mfukoni, akasema chakula kitakuwa tayari muda si mrefu. Jioni hiyo alimuuliza, kwa upole, kama hataki kwenda hospitali siku moja apimwe tu, kwa ujumla, kama watu wa umri wao wanavyofanya. Tuli akasema hana ugonjwa wa kupimwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na methali hiyo alikuwa amewahi kumsomea baba yake mwenyewe, tena kwa ukali.

Sasa ndipo akili yake ilipotoa wazo, na wazo lenyewe lilikuwa la kijinga. Hakuwaza kwenda kwa daktari. Aliwaza kununua joistiki nyingine, nzito, ngumu, yenye springi ya kukataa, ambayo mkono ukitetemeka juu yake haitajua. Ndege itatulia, mke kwenye kochi ataona imetulia, na yeye atapata muda. Muda wa nini, hakujiuliza. Jumatatu iliyofuata akaitia ile ya shemeji kwenye mfuko wa plastiki, kwa matumaini kwamba muuzaji ataipokea na kumpunguzia bei, akaondoka.

Duka lilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi, na harufu ya rangi ilipanda ngazi pamoja na mteja. Mwenye duka alikuwa mwanamume mnene, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, na wateja wake wote walimwita Kapteni, ingawa naye usafiri wake mkubwa ulikuwa baiskeli. Alikuwa mtu wa maneno. Kabla Tuli hajatua mfuko, alikwisha kuulizwa anarusha ndege gani.

"Za abiria," Tuli alisema. "Mara chache zile ndogo za injini moja."

"Ndogo, basi chukua usukani huu." Kapteni akamwonyesha usukani wenye pembe mbili, wa kusukuma na kuvuta, unaofungwa kwa skrubu kwenye ukingo wa meza. "Lakini meza yako ubao wake una unene gani? Ukiwa mwembamba, ukivuta usukani unakuja na meza."

Ubao ulikuwa mwembamba. Wakaenda kwenye pedali za miguu, za kugeuzia mkia wa ndege. Kapteni akauliza kama kiti chake kina magurudumu, Tuli akasema kina, Kapteni akatikisa kichwa. Mteja wake mmoja, alisema, alikanyaga pedali kwa nguvu wakati wa kutua, kiti kikarudi nyuma, akatua jikoni. Tuli angecheka siku nyingine. Akamwambia hataki pedali. Anataka joistiki tu, ya mkono wa kulia, ile ambayo mpini wake huzungushwa kushoto na kulia ili kazi ya mkia ifanywe humo humo.

"Hapo umenena. Ninazo tatu." Kapteni akazipanga juu ya kaunta. "Hii nyepesi, ukiipumulia tu imekusikia. Hii ya kati. Na hii ya wanaume, mimi mwenyewe inanichosha kiwiko."

Tuli aliikamata ya tatu bila kuzigusa nyingine. "Kuna ngumu kuliko hii?"

Kapteni akavaa miwani yake ili amwone vizuri. "Mzee wangu, wateja wote wanaomba laini. Wewe unakwenda kurusha ndege au kung'oa kisiki?"

"Nataka ngumu. Tena kama inawezekana, pale katikati isisikie."

"Isisikie nini?"

"Vitu vidogo vidogo." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mkono ukigusa kidogo tu bila kukusudia. Isisikie."

"Inawezekana, kompyuta inapangwa hivyo. Lakini unalipia kiziwi." Kapteni alikuwa anamtazama kwa udadisi sasa. "Ulikuwa unatumia ipi?"

Tuli akasukuma mfuko wa plastiki juu ya kaunta. Kapteni akaitoa joistiki ya shemeji, akaipindua, akaipuliza vumbi, akachomeka waya wake kwenye kompyuta ya dukani. Kwenye skrini likatokea boksi la mraba, na katikati ya boksi alama ndogo ya msalaba, inayofuata mpini unakoelekea. Msalaba huo ulikuwa unarukaruka. Ulikwenda kushoto, ukarudi, ukapanda, ukashuka, kama inzi aliyenaswa kwenye gundi.

Tuli akageuza uso. Aliujua mchezo huo, alikuwa akiutazama kila jioni, na hakupenda kuuona mbele ya mtu baki. Hata akawaza, maskini, kumbe na Kapteni naye anao ugonjwa huu. Akamtazama kwa huruma ili ampe pole ya macho. Kapteni alikuwa anafungua pakiti ya biskuti. Alikuwa anaifungua kwa mikono yote miwili.

Tuli akatazama joistiki. Ilikuwa imesimama peke yake juu ya kaunta. Akatazama skrini. Msalaba ulikuwa bado unacheza.

"Nani kaishika?" aliuliza.

"Nani kashika nini?"

"Hiyo. Nani kaishika?"

Kapteni akatazama huku na huku kwa adabu, kama kuna mtu wa tatu hajamwona. "Hajaishika mtu. Imekwisha hii. Ndani mna kisahani kinachosuguliwa kila ukigeuza mpini, kikichakaa ndiyo hivi, inatetemeka yenyewe. Na hii imechakaa kwa kweli, aliyekuuzia Mungu anamwona."

"Lakini nikiondoa mkono, ndege inatulia."

"Inatuliaje?"

"Nawasha ile ya kujirusha yenyewe, naondoa mkono, inatulia kabisa."

Kapteni akaanza kucheka, tena cheko la tumbo. "Sasa ikijirusha yenyewe inaisikiliza joistiki ya nini, mzee wangu? Ile ukiiwasha tu, joistiki hata ungeipiga nyundo haisikilizwi. Zima hiyo, ondoa mkono, ndipo uone. Hukuwahi kuzima ukaondoa mkono?"

Hakuwahi. Nani anaiachia ndege yenye abiria angani bila mtu wa kuiongoza? Tuli alikuwa mtu wa wajibu, hata kwa abiria wasiokuwapo, na wajibu huo ndio uliomtesa muda wote ule.

Palikuwa na stuli kando ya kaunta, akaikalia. Akautoa mkono wake wa kulia mfukoni na kuuweka juu ya goti, akautazama. Ulikuwa umelala pale, mkono wa kinyozi, na kovu dogo kwenye kidole cha shahada, na haukuwa unafanya lolote. Alipojaribu kusema kitu, machozi yakatangulia. Hakuyafuta. Alishusha pumzi moja ndefu hata karatasi ya biskuti ikasogea kwenye kaunta, na kifua kikamwachia, na mabega yakamwachia, na ilikuwa raha ambayo hakuikumbuka tangu lini.

Kapteni aliacha kucheka. Alikuwa ameuza vyombo hivi kwa watu wengi lakini hakuwahi kuona mtu akililia kisahani kilichochakaa. "Mzee, pole," alisema taratibu. "Ilikuwa ya marehemu?"

"Ya shemeji."

"Pole sana. Mungu amlaze pema."

"Yuko hai," Tuli alisema huku akilia, na hapo akaanza kucheka, na Kapteni, kwa kukosa la kufanya, akampa biskuti.

Baada ya hapo uchaguzi wenyewe haukuchukua muda. Tuli aliirudisha ile ngumu mahali pake na kuomba ile nyepesi, ambayo ndani yake, Kapteni alieleza, hakuna kinachosuguana na chochote. Kuna sumaku tu, na sumaku haichakai kwa kugeuzwa. Wakaichomeka. Msalaba ukakaa katikati ya boksi, kimya. Tuli akaushika mpini kwa ncha za vidole, jinsi anavyoushika wembe, akausogeza msalaba hadi ukingoni, kisha akautembeza kwenye mstari wa boksi pande zote nne, polepole, bila kuuacha mstari hata kidogo.

"Una mkono wewe," Kapteni alisema. "Unafanya kazi gani?"

"Kinyozi," alisema Tuli, na neno hilo lilimtoka kwa sauti iliyojaa duka.

Alirudi nyumbani kwa miguu, boksi kwapani, akisalimia watu asiowajua. Njiani alipita dukani kwake ingawa ilikuwa siku ya kufunga, akautoa wembe kwenye droo, akaunoa kwenye mkanda mpaka ukaimba, kisha akampigia simu mwalimu mstaafu. Alimwambia wataalamu wamebadili mawazo. Mwalimu akasema alijua watabadili, na kwamba Jumamosi atawahi kabla ya watu wote.

Mkewe alikuwa amekwisha rudi kutoka kwa dobi na alikuwa jikoni akichemsha chai. Tuli akakaa kwenye meza, akaweka boksi mbele yake, akaanza kusimulia. Alisimulia yote, bawa la kushoto, kifaa cha kujirusha, puto, ngumu na laini, biskuti. Alisimulia kwa mbwembwe, akimwigiza Kapteni na miwani yake, na alipofika kwa shemeji aliye hai akacheka peke yake. Mkewe alikuwa amempa mgongo, anatazama sufuria.

"Kwa hiyo ni kile kidude," alisema hatimaye.

"Ni kidude tu. Nduguyo huyo, siku moja atatuua."

"Na mkono ni mzima."

"Mzima, mama watoto. Tazama." Akaunyosha.

Mkewe akageuka. Hakuutazama mkono, alimtazama usoni, na macho yake yalikuwa mekundu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na yeye alikuwa amemvalisha mkwewe shati kila asubuhi katika nyumba hii hii, akamfungia vifungo mpaka cha shingoni. "Wewe ulidhani mimi siioni ile ndege?" alisema. "Nimekaa kwenye lile kochi kila siku nikiiona. Wembe umeacha, mkono unautia mfukoni, unapasua maputo. Ulitaka nifikiri nini?"

"Mbona hukusema?"

"Baba alipenda kuambiwa?"

Mkewe akachukua kikombe kwenye kabati. "Tangu ile ndege ianze kucheza, nakujazia chai nusu kikombe," alisema. "Ili isimwagike ukajiona. Baba nilimfanyia hivyo hivyo, na yeye hakugundua. Wala wewe hukugundua."

Ni kweli, hakugundua. Alikuwa amekunywa nusu kikombe asubuhi na jioni, mbele ya mwanamke huyu, akiamini kwamba anamficha. Alitaka kusema samahani lakini mkewe hakuwa anangoja. Aliinua sufuria akamimina, akamimina mpaka chai ikafika ukingoni na kusimama pale, imejaa hata pa kuongezea sukari hapakubaki. Akakisukuma kikombe juu ya meza kwa uangalifu, akavuta kiti, akakaa mbele yake.

Tuli akakinyanyua. Chai ilikuwa ya moto mno, akainywa hivyo hivyo.